Ndege ya Unga wa Ngano

Walicheka. Jeneza la Fundi Zakayo lilikuwa pale mbele ya hema, juu yake picha aliyopigwa akiwa amevaa tai, na hema nzima ikacheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Kijana aliyekodiwa kuendesha mazishi, mwenye suti ya kubana na sauti ya mnadani, alikuwa ameona watu wanasinzia akaamua kuwaamsha. "Watu wa Njoro, mko?" akauliza kwenye maikrofoni. "Huyu mzee wetu alikuwa mtu wa maajabu, ama namna gani? Si alijenga ndege na uji? Na hiyo ndege ikakuliwa na nani?" Waombolezaji, wakubwa kwa wadogo, wakamjibu kwa pamoja: "Na ng'ombe!" Mchungaji mwenyewe alificha mdomo kwa Biblia, mabega yakimtikisika. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya mjane, Mama Rebeka, na damu ilinipanda kichwani nikaona giza. Kisa hicho nimekisikia harusini, nimekisikia kwenye baraza la chifu, na siku moja nilikisikia kwenye foleni ya hospitali mjini Nakuru, nikisimuliwa na mtu asiyenijua ambaye aliapa kwamba babu yake aliona ng'ombe akitafuna usukani. Kila mara nimenyamaza. Lakini kucheka mbele ya maiti kulinishinda. Ndege ile iliruka. Tuliojua tulikuwa wachache hata wakati ule, na siku ile ya mazishi tulikuwa tumebaki wanawake wawili.

Habari za kwetu, nani alinizaa na tulifikaje katika mashamba ya wazungu, nitaziacha. Wengine wameandika habari za namna hiyo na zinafanana. Nianzie mwaka wa hamsini na saba, msimu wa mavuno, nilipokuwa msichana wa kushona magunia katika shamba la ngano upande wa juu wa Njoro. Mashine ilimimina ngano, wanaume wakashika gunia, nami nikafunga mdomo wake kwa sindano kubwa iliyopinda na uzi wa katani. Mkono wangu ulikuwa mwepesi na nilikuwa na kiburi nao. Gunia langu halikuvuja hata likitupwa kutoka juu ya lori, na wasichana wenzangu walijua hivyo, kwa sababu niliwakumbusha kila siku. Ndipo akaja Zakayo, seremala wa shamba, mtu mpana, mwenye tumbo na tai. Ndiyo, tai, hata akiwa anapiga randa. Wakati wa vita vya dunia alikuwa amefanya kazi katika kambi ya ndege, akiziba matundu ya mabawa, na tangu arudi hakuwa amezungumza jambo lingine. Kambi nzima ya wafanyakazi ilimchoka. Alijisifu asubuhi, alijisifu jioni, alijisifu mdomo ukiwa umejaa ugali. Alisimama mbele ya gunia langu akauvuta uzi, akauvuta tena, akasema, "Wewe mschana, hii kushona ulifunzwa na nani?" Nikamwambia nimejifunza mwenyewe. Akasema, "Mimi niko na kitu inataka kushonwa. Lakini usiniulize ni nini, utacheka." Nilipoambiwa ni ndege sikucheka. Nilimuuliza kama ni kubwa, nijue nibebe uzi kiasi gani.

Chumba alichotumia kilikuwa nyumba ya zamani ya kukaushia pareto, nyuma ya zizi la ng'ombe. Mpaka leo nikinusa dawa ya mbu ya kuwasha, ile iliyotengenezwa kwa pareto, narudi mle ndani moja kwa moja. Kuta zilikuwa za mbao nyeusi kwa moshi, na vumbi la maua lilikuwa limejaa katika kila ufa, hata siafu hawakuthubutu kuingia. Kwenye kona moja kulikuwa na mabaki ya ndege ambayo mwenye shamba alijaribu kuijenga miaka iliyotangulia, akashindwa, akaitupa: magurudumu, panga la mbao linalozunguka mbele, na injini ya pikipiki kubwa. Mwenye shamba huyo tulimwita Bwana Miwani kwa sababu ya vioo vyake vizito. Alikuwa mwanachama wa klabu ya wazungu wenye ndege, na alipoombwa yale mabaki alisema Zakayo ayachukue tu, apate kuona naye atafika wapi. Zakayo hakuifuata ramani ya Bwana. Ndege ya Bwana ilikuwa na mabawa makubwa mbele na mkia mdogo nyuma, kama ndege zote. Ya Zakayo haikuwa na mkia kabisa. Ilikuwa na bawa moja mbele na jingine nyuma yake, yanakaribiana ukubwa, na lile la mbele lote zima liliinuka na kuinama kwa mpini mmoja uliokuwa kati ya magoti. Hakukuwa na kitu cha kukanyaga kwa miguu. Aliniambia wazo hilo lilimjia siku dhoruba ilipong'oa paa la choo cha kambi. Bati moja peke yake lilibiringika na kuanguka hapo hapo, lakini mawili yaliyokuwa bado yamefungwa kwenye mti mmoja, moja nyuma ya jingine, yalielea taratibu mpaka shamba la pili. Watu wote walikimbia kuokota mabati. Zakayo alibaki amesimama katika choo kisicho na paa, akiangalia juu.

Mifupa ya ndege ilikuwa ya mianzi iliyoletwa kutoka juu ya Sachangwan, iliyonyooka na kavu. Gundi tulijitengenezea kwa maziwa. Maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi yalikuwa mengi, yakipewa nguruwe, na Arap Sang, mzee aliyesimamia maziwa, alitujazia debe. Yaliachwa yagande, yakakamuliwa kwenye kitambaa, yakachanganywa na chokaa mpaka yakawa uji mweupe wenye harufu ya kutisha, na ukishaunganisha miti miwili kwa gundi hiyo ikakauka, mti utavunjika kwingine kabla ya hapo. Juu ya mianzi tulivuta amerikani, ile nguo nyeupe ya dukani, nami nikaishona ubavu kwa ubavu kwa mshono wangu wa magunia, nikipitisha sindano kutoka juu mpaka chini na kufunga fundo kila mara, ili uzi mmoja ukikatika mwingine usifuate. Lakini nguo ilikuwa imelegea. Wazungu walikuwa na rangi yao ya kuikaza, na sisi hatukuwa nayo. Zakayo akachemsha unga wa ngano, mzito, akaupaka kwa brashi ya chokaa. Ulipokauka bawa lilikaza likawa ngoma. Ukilipiga kwa kidole lilijibu. Jua likiwaka tulilipaka tena. Tulijua mvua ingelifanya uji upya, kwa hiyo mipango yote ilikuwa ya kiangazi.

Unga huo ndio uliokuwa ugomvi. Sisi tulipewa posho ya mahindi na maharagwe. Unga wa ngano, katika shamba la ngano, ulikuwa kitu cha Krismasi. Mama Rebeka alikuwa akiununua kidogo kidogo, akiuficha kwenye sufuria lililofunikwa, ili watoto wake waonje chapati. Nilikula kwao karibu kila siku mwaka ule, katika chumba kimoja chenye jiko la mawe matatu, ugali na mboga ya kunde, viazi vilivyochomwa kwenye majivu, chai yenye maziwa mengi kuliko maji kwa sababu ya Arap Sang. Na kila siku nilisikia kesi ile ile. "Baba Rebeka, unga yangu iko wapi?" Zakayo alijisafisha koo. "Iko kwa bawa ya nyuma." "Na ile ingine?" "Hiyo tulipaka jana." Mama Rebeka aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Watoto wa watu wanakula chapati. Wangu wanaangalia ndege ikikula." Zakayo alimwahidi kwamba siku ndege itakaporuka atamnunulia gunia zima, akanigeukia mimi kama shahidi: "Si umesikia, Tabitha?" Nilisikia. Mama Rebeka pia alisikia, na asubuhi yake aliniletea sufuria lenye unga mikononi mwake mwenyewe, akaliweka mlangoni pa nyumba ya pareto akageuka. Nataka hilo likumbukwe, kwa sababu katika kisa wanachosimulia harusini hakuna mwanamke hata mmoja.

Jumapili Bwana Miwani alileta wageni. Walitoka kanisani au klabuni, wamevaa vizuri, wakiwa na glasi mikononi, na alipowafungulia mlango alikuwa na uso wa mtu anayeonyesha kituko. Sisi tulisimama ukutani. Nilikuwa nimesoma misheni kiasi cha kusikia Kiingereza bila kujulikana kwamba nasikia, na hiyo ni adhabu, si faida. Mama mmoja wa kizungu aliuliza mkia uko wapi. Mwanamume mmoja akasema labda wameula. Mwingine akanusa bawa akasema ukipika upande huu na yule pale akaleta siagi, tuna kifungua kinywa. Walicheka wakashikana mikono. Zakayo, aliyesikia Kiingereza vizuri kuliko mimi, alisimama wima na tai yake akitabasamu, na walipoondoka alichukua randa akaendelea na kazi. Nilimuuliza kwa nini anawachekea. Akasema, "Nani amewachekea? Meno yangu iko nje kwa sababu jua ni kali." Nilikasirika siku ile na hasira yenyewe haijaisha. Nimezeeka nayo. Watu wananiambia wale wazungu walikwisha kwenda zamani, wengine wamekufa, sahau. Nasahau vipi, na kicheko chenyewe tulikirithi pamoja na mashamba?

Mavuno mengine yalipokwisha, ngano ikabaki mabua, tuliivuta ndege nje asubuhi ambazo Bwana hakuwepo. Zakayo aliketi ndani, injini ikalia, ndege ikakimbia mteremkoni ikirukaruka kama kuku anayefukuzwa, na ikafika mwisho wa shamba bila kuacha ardhi. Alijaribu tena na tena. Alirefusha mabawa, nikashona upya. Mama Rebeka akatafuta unga upya. Bado. Jioni moja, akimenya kiazi, Zakayo alinieleza. "Hii hewa ya huku juu," akasema, "ni kama maziwa imetolewa siagi. Unakunywa lakini hushibi. Injini hata yenyewe haishibi." Kisha akatazama tumbo lake kwa muda mrefu, akanitazama mimi, nami nilijua kabla hajafungua mdomo. Mama Rebeka alijua pia. "Baba Rebeka, hapana," akasema. "Huyo ni mtoto wa watu." Zakayo akasema hajasema kitu. "Na usiseme!" Mimi ndiye niliyesema. Nilisema nimeishona mimi, fundo kwa fundo, na kama kuna mtu anayejua itashika ni mimi, basi nitaketi ndani mimi. Mama Rebeka alilia, akanifunga kitambaa chake kichwani palepale, akiivuta ncha kwa hasira.

Nilifundishwa kwenye kiti cha jikoni. Zakayo alikiweka katikati ya nyumba ya pareto, akanipa mpini wa jembe nikaushika kati ya magoti, na yeye akasimama mbele yangu akiwa ndiye upepo. Akiinama kulia, nisahihishe. Akipiga kelele "Pua!", nisukume. Tulifanya hivyo siku nyingi, mtu mnene mwenye tai akiyumba huku na huku na msichana kwenye kiti akivuta mpini wa jembe, na Arap Sang alipopita na mikebe yake ya maziwa alitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Zakayo hakuwa mwalimu mpole. "Umekufa," alikuwa akiniambia kila nilipochelewa. "Haya, fufuka tuanze tena."

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi, na Zakayo alipenda baridi, alisema hewa inanenepa. Bwana alikuwa amelala mjini. Nilivaa suruali ya kaki ya Zakayo iliyofungwa kwa kamba. Alizungusha panga la mbele kwa mkono, injini ikashika, moshi ukaniingia machoni, naye akaruka kando na kunyoosha mkono kuonyesha mteremko. Mabua yalipiga tumbo la ndege. Magurudumu yalipiga mashimo, meno yakagongana, nikaona mwisho wa shamba unakuja na josho la ng'ombe likinisubiri, nikavuta mpini kidogo, kidogo tu, kama kwenye kiti cha jikoni. Kelele za mabua zikakoma. Hilo ndilo nililolitambua kwanza, kwamba chini yangu kumenyamaza. Kisha josho likapita chini ya miguu yangu na nikaona maji yake meusi pale paa linapoishia, na paa lenyewe nikaliona kwa juu, jambo ambalo mtu hatazamii kuliona. Nilipiga kelele, sijui za nini. Bawa la mbele lilikuwa limekaza, jeupe, kila fundo langu limeshika. Nikavuka ua wa waya. Nikavuka barabara ya geti. Na hapo getini, gari lilikuwa limesimama, na kando yake Bwana Miwani, aliyerudi mapema, kofia mkononi na uso wake umeinuliwa juu, mdomo wazi. Nilipita juu yake karibu kiasi cha kuona jua katika miwani yake. Kisha nikasukuma pua kama nilivyofundishwa, nikashuka katika shamba lililolazwa upande wa pili, gurudumu moja likavunjika, tukazunguka na ndege ikakaa. Nilikuwa mzima. Mkono wangu ulikataa kuuachia mpini mpaka Zakayo alipofika akihema na kuufungua kidole kimoja kimoja, akilia waziwazi, tai imemrukia mgongoni. "Umeona?" alisema. "Umeona? Umeona?" Alinisukuma nijifiche kwenye majani marefu ya mtaro, kwa sababu gari lilikuwa linakuja.

Nilisikia yote nikiwa mtaroni, na mengine niliyaona kati ya majani. Bwana alizunguka ndege yote. Alipiga bawa kwa kidole likalia. "Nani nalikuwa ndani?" akauliza kwa Kiswahili chao. Zakayo akajibu, "Ni mimi, Bwana." Bwana akamtazama tumbo. "Wewe nadanganya." Zakayo akasema tena kwamba ni yeye. Kimya kilikuwa kirefu. Nilingoja kicheko, nikasikiliza kwa makini, na hakikuja. Mtu aliyecheka na wageni wake Jumapili ile hakuwa na hata tabasamu. Alisema tu, "Rudisha stoo," akaingia garini. Zakayo alifurahi mchana kutwa. Alifikiri Bwana ameshindwa maneno kwa sababu amestaajabu, na labda kweli alistaajabu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na uzi kutengeneza bawa lililochanika. Mlango wa nyumba ya pareto ulikuwa umefungwa kwa gogo upande wa nje, na sisi hatukuwa tukiufunga kwa gogo. Nilipolivuta, ng'ombe walitoka. Ng'ombe wa maziwa, wale wakubwa wa Bwana, walitoka mmoja baada ya mwingine wakilamba pua. Ndani kulikuwa na mianzi iliyovunjika, mavi, na amerikani iliyotafunwa ikawa kamba. Injini ilikuwa imelala ubavu. Na juu ya yote hayo, sakafuni, kwenye mianzi, kwenye vipande vya nguo, kulikuwa na chumvi. Chumvi ya ng'ombe, ile ya kijivu, imemwagwa kwa ukarimu. Ng'ombe hafungui mlango, hajifungii kwa gogo nje, wala hajimwagii chumvi. Nilimkimbilia Arap Sang, akiosha mikebe, na hakuniangalia. "Niliambiwa peleka ng'ombe, nikapeleka," alisema. "Niliambiwa peleka chumvi, nikapeleka. Ungekuwa wewe, Tabitha, ungesema nini?" Sikumlaumu yeye. Alikuwa na nyumba katika shamba la mtu, na pasi yake ya kutembea ilikuwa mfukoni mwa mtu huyo huyo.

Polisi walikuja kabla ya chakula cha mchana. Ilikuwa bado enzi za Hali ya Hatari, na jirani mmoja alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo kwamba jana yake ameona ndege ndogo isiyo na namba, ya umbo asilolielewa, ikipita chini. Mwafrika kurusha ndege bila ruhusa wakati ule halikuwa kosa la kukemewa tu. Watu walikuwa wamefungwa kwa kutembea tu. Ofisa wa kizungu aliwakusanya wafanyakazi wote mbele ya nyumba ya pareto, nami nikiwemo, kitambaa cha Mama Rebeka bado kichwani. Alimgeukia Bwana Miwani akamuuliza kwa Kiingereza: uliiona ikiruka? Bwana alifuta miwani yake. Alisema, "Hapana. Haijawahi kuacha ardhi." Mtu niliyempita juu ya kichwa jana yake. Alisema hivyo akiwa ametulia, kama anayetoa bei ya ngano. Ofisa akamgeukia Zakayo, akamtazama tumbo, na macho yake yakaanza kuwapitia wasichana, mmoja mmoja, wembamba. Nilimwona Zakayo akiyafuata macho yale mpaka yakanikaribia. Kisha akapiga hatua mbele, akatoa tumbo nje, akasema kwa sauti ya kulia ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Afande, ndege gani? Mimi nilijenga na uji. Ng'ombe imekula yote! Angalia, hata mkia haikubakisha!" Askari mmoja akacheka. Ofisa akachungulia ndani, akaona mavi na nguo iliyotafunwa, akacheka mpaka akashika mlango. Kambi nzima ikacheka, watu wetu, waliomchoka kwa majivuno yake na sasa wamempata. Zakayo akacheka nao. Polisi wakaenda zao, nami nikabaki huru.

Wako watu wema ambao, nikiwasimulia hivi tangu mazishi yale, huniambia kwamba basi Bwana alituokoa kwa uongo wake. Sikubali. Chumvi ilimwagwa kabla simu haijapigwa. Angetaka kutuokoa angeificha ndege, alikuwa na maghala ya kutosha. Alichoshindwa kukivumilia ni kuinua uso wake na kuniona mimi juu yake.

Baada ya Uhuru Bwana aliuza akaondoka, shamba likakatwakatwa, na Zakayo akapata kipande chake mle mle. Nilimwendea mara moja. Nilimwambia sasa hakuna wa kumfunga mtu, tuseme. Mama Rebeka alituandalia chai akakaa kusikiliza. Zakayo alikuwa bado na tai, lakini alikuwa ameanza kuitwa kwenye karamu asimulie kisa cha ng'ombe, na alikuwa amekijaza madoido, ng'ombe mmoja sasa alikuwa na injini kwenye pembe. "Tabitha," akasema, "nikisema iliruka, watasema huyu mzee ameanza tena kujisifu. Nikisema ilikuliwa, wananiwekea kiti mbele." Nilimwambia aone haya. Nilimwambia yeye, mtu aliyejisifu mpaka kwa vitu ambavyo hakufanya, anakataa kimoja alichofanya. Alimega kipande cha chapati akakichovya kwenye chai, na alinisihi, mradi yeye yuko hai, nisimfanye mwongo mbele ya watu. Nilikubali, na miaka mingi nilikubali huku nimeuma meno, nikimwona mtu mwenye akili kuliko wote niliowahi kukutana nao akijifanya mjinga kwa ajili ya sahani ya pilau. Walimvunjia ndege mara moja tu. Yeye mwenyewe aliivunja kila Jumamosi.

Lakini sasa alikuwa ndani ya jeneza, na ahadi ilikuwa imekwisha. Nilisimama. Mjukuu wangu alinivuta nguo, tulikuwa tumekuja naye kutoka mtaa wa Section 58, Nakuru, na alitaka turudi mapema. Nilimpita. Kijana wa maikrofoni alinipisha kwa heshima ya haraka anayopewa bibi mzee. "Shosho, dakika mbili tu, programu imejaa." Nikasema nataka kueleza habari ya ile ndege, na hapo hapo wakaanza kutabasamu, wengine wakageuza viti, wakingoja ng'ombe. Nikasema, "Iliruka."

Wachache walicheka, wakidhani ndio mwanzo wa kichekesho. Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo ya hema, karibu na sufuria za chapati, alipaza sauti, "Shosho, kwani wewe uliiona ikiruka?"

"Sikuiona," nikasema. "Nilikuwa ndani."

Kijana akaacha kutafuna. Mchungaji alishusha Biblia. Kimya kilichoingia mle hemani nilikitambua, nilikuwa nimekisikia mara moja tu, nikiwa nimelala mtaroni. Nilitaka kuendelea, nikajikuta nimesimama tu na maikrofoni mkononi kama mtoto aliyesahau shairi. Ndipo Mama Rebeka alipoinua uso wake kutoka kwenye leso.

"Endelea, Tabitha," akasema kwa nguvu, hema yote ikamsikia. "Na uwaambie unga ilikuwa yangu."